Kura 87,085, viti 13: kuisoma upya Pemba ya 1963

Babu yangu mzaa mama alipiga kura Pemba mwezi wa Julai 1963, na chama chake kikashindwa. Alikuwa mkulima mwenye mikarafuu ya kuhesabika, Mpemba kwa baba na kwa mama, na kura yake aliipa Afro-Shirazi Party (ASP). Miaka mingi baadaye, nikiwa skuli, tulifundishwa kwamba Unguja ilikuwa ya Afro na Pemba ilikuwa ya vyama vya Hizbu na ZPPP, basi. Nilirudi nyumbani nikamsomea babu daftari langu. Hakubisha. Aliniuliza tu, "Na sisi tulikuwa wapi?"

Leo kazi yangu ni takwimu za uchaguzi. Najifunza namna kura zinavyogeuka kuwa viti, na kinachopotea njiani. Swali la babu nimelibeba muda mrefu, na nadhani sasa naweza kulijibu kwa tarakimu. Nitaanza na matokeo yenyewe, maana wengi tunaujua mwaka 1963 kwa yaliyoufuata, lakini hesabu zake hatujazitazama.

Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar lilikuwa na viti 31 vya kuchaguliwa. ASP ilipata kura 87,085 na viti 13. Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu, ilipata kura 47,950 na viti 12. ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), chama cha Mohamed Shamte, kilipata kura 25,609 na viti 6. Jumla ni kura 160,644, na waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 99 ya walioandikishwa. Hizbu na ZPPP walikuwa wameungana kabla ya uchaguzi na kugawana majimbo, wasisimamishe wagombea wa kupingana wao kwa wao. Kwa hiyo waliunda serikali kwa viti 18, Shamte akawa Waziri Mkuu. ASP yenye asilimia 54.2 ya kura ikakaa upande wa upinzani.

Asilimia 54.2 si ushindi wa kubahatisha. Chama kimeungwa mkono na zaidi ya nusu ya wapiga kura wote, kisha kikapata asilimia 42 ya viti. Wazee wetu wana neno fupi la kumaliza ubishi barazani: wengi wape. Mwaka ule wengi walikuwepo wa aina mbili, wengi wa watu na wengi wa majimbo, na sheria ilikuwa inawatambua hawa wa pili peke yao.

Utaratibu tulioupokea kwa Waingereza, na ambao mpaka leo tunawachagulia wawakilishi wetu, unaufanya uchaguzi mkuu kuwa chaguzi ndogo nyingi zinazofanyika siku moja. Kila jimbo lina mshindi mmoja, na aliyetangulia hata kwa kura moja amechukua kiti chote. Kura za aliyeshindwa zinaishia palepale. Za mshindi zilizozidi zile alizozihitaji nazo zinaishia palepale. Mimi aina zote mbili naziita kura zilizolala, kwa sababu zimepigwa, zimehesabiwa, zimeandikwa, lakini hazikuamka kumpeleka mtu yeyote barazani.

Chukua majimbo matatu ya kubuni, kila moja lina wapiga kura 1,000. Chama cha kwanza kinapata 900 katika jimbo moja, halafu 450 na 450 katika mengine mawili. Jumla yake ni 1,800. Chama cha pili kinapata 100, 550 na 550, jumla 1,200. Cha pili kimeshinda majimbo mawili kwa moja. Hakuna aliyeiba kitu. Wafuasi wa chama cha kwanza walirundikana mahali pamoja wakawa wengi kupita haja, na kwengine wakapungukiwa na kidogo tu.

Sasa rudi kwenye tarakimu za 1963. Gawa kura za ASP kwa viti vyake: kila kiti kiliigharimu takriban kura 6,699. Fanya hivyohivyo kwa muungano wa Hizbu na ZPPP, ambao kwa pamoja ulikuwa na kura 73,559: kila kiti ni takriban kura 4,087. Kwa kila kura tano walizohitaji wenzao, ASP ilihitaji zaidi ya nane.

Hapa ndipo msomaji wa Kizanzibari anapoleta jibu la haraka, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu sana: Mwingereza aliipa Pemba viti vingi kupita kiasi. Nililiamini jibu hilo mpaka siku nilipochukua sensa ya 1958 nikaihesabu. Sensa ilihesabu watu 299,111 visiwani, Unguja 165,253 na Pemba 133,858. Pemba ilikuwa na asilimia 44.8 ya watu. Katika viti 31, Pemba ilipewa 14, ambavyo ni asilimia 45.2. Kwa mizania ya visiwa viwili, mgao ule ulikuwa wa haki kiasi cha kushangaza. Tatizo lilikuwa ndani ya kisiwa.

Unguja ilikuwa na viti 17. ASP ilichukua 11, Hizbu 6. Kura za ASP Unguja zilikuwa takriban asilimia 63. Ukikokotoa asilimia 63 ya viti 17 unapata 10.7, yaani 11. Unguja, basi, viti vilifuata kura vizuri kabisa. Kama kisiwa kile kingekuwa jimbo moja kubwa lenye viti 17 vya kugawanywa kwa uwiano, matokeo yangekuwa yaleyale, 11 kwa 6.

Pemba ilikuwa na viti 14. Hizbu ilipata 6, ZPPP 6, ASP 2.

Na kura? ASP ilipata takriban asilimia 44 ya kura za Pemba. Kwa uwiano, asilimia 44 ya viti 14 ni viti 6. Ilipata 2. Vile vinne vilivyopungua ndivyo vilivyoamua nani aunde serikali ya uhuru, kwa sababu ukivirudisha, ASP inakuwa na 17 na muungano unabaki na 14. Unaweza kuipiga hesabu hii pia kwa nchi nzima pamoja, bila kutenganisha visiwa: asilimia 54.2 ya viti 31 ni 16.8, na inatoka 17 ileile. Njia mbili, jibu moja. Upotofu wote wa uchaguzi ule ulikaa Pemba.

Nilipoyaona haya kwa mara ya kwanza niliacha kalamu. Karibu nusu ya wapiga kura wa Pemba, makumi ya maelfu ya watu, walipigia chama ambacho historia ya kuhadithiana inasema hakikuwepo Pemba. Babu alikuwa na wenzake. Hawakuwa kundi dogo la watu waliopotea njia. Walikuwa wamesambaa majimbo mengi, katika kila jimbo ni wachache kwa kiasi kidogo, na mashine ya kugeuza kura kuwa viti ikawafuta.

Upande wa pili nao wana haki ya kusomwa hivyohivyo. Unguja, zaidi ya thuluthi ya wapiga kura hawakuipigia ASP. Viti sita vya Hizbu vikawapa sauti, na bado tunasimulia kana kwamba Unguja nzima ilikuwa rangi moja.

Mashine hii haikuwa na chama. Katika uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, kulikuwa na viti sita tu vya kuchaguliwa, na waliopiga kura walikuwa wanaume wenye sifa maalumu za umri, mali au kusoma. Hizbu ilipata karibu moja ya tano ya kura na haikupata hata kiti kimoja. Kule Ng'ambo, Abeid Amani Karume alimshinda kiongozi wa Hizbu, Ali Muhsin, kwa kura 3,328 dhidi ya 918. Naamini funzo la mwaka ule liliingia Hizbu kwa uchungu: chama chenye wafuasi wachache katika kila jimbo kinahitaji mwenza na mahesabu ya majimbo, vinginevyo kitakufa na kura zake mkononi. Mwishoni mwa 1959 ZPPP ilipozaliwa kwa kujitenga na ASP, mwenza akawa amepatikana.

Kisha ukaja Januari 1961, na huu ndio uchaguzi ninaoupenda kuufundisha kuliko yote. Majimbo yalikuwa 22. Kamishna Sir Hilary Blood alikuwa amependekeza 21, likaongezwa moja kwa kuugawa Mji Mkongwe mara mbili. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza. ASP ilipata viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja, ASP ikalichukua. Kura moja! Katika darasa langu huwa nawaomba wanafunzi wanyamaze kidogo wafikirie mtu huyo ni nani: labda mama aliyetembea kutoka shamba asubuhi, labda kijana aliyekaribia kughairi.

Wabunge watatu wa ZPPP ndio wakawa na ufunguo wa serikali. Wawili wakaenda Hizbu, mmoja akaenda ASP. Ikawa 11 kwa 11. Ndiyo hatari ya kuacha idadi ya viti iwe shufwa katika nchi iliyogawika nusu kwa nusu, na ndiyo sababu likaongezwa jimbo la 23, idadi iwe witiri, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka uleule.

Juni 1961 ASP ilipata asilimia 49.9 ya kura, Hizbu takriban 35, ZPPP karibu 14. Viti vikawa ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii Hizbu na ZPPP walikuwa wameshaungana tangu mwanzo, wakapata 13 na kuunda serikali. Siku ya kupiga kura, tarehe 1 Juni, ghasia zilianza mjini zikaenea mashamba. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu, na mamia wakajeruhiwa. Napoandika namba kama 68 karibu na namba za viti huwa nasita, kwa sababu si za aina moja. Lakini ukiziacha nje, msomaji atadhani tunazungumzia mchezo wa hesabu.

Kwa hiyo 1963 haikuja ghafla. Ilikuwa mara ya pili mfululizo ASP kukaribia au kuvuka nusu ya kura na kubaki nje ya serikali. Tarehe 10 Disemba 1963 bendera ya Uingereza ikashushwa, na tarehe 12 Januari 1964 serikali iliyotokana na viti 18 ikapinduliwa. Huulizwa mara kwa mara: je, kama viti vingefuata kura, mapinduzi yasingetokea? Siwezi kusema hivyo, na namuonea shaka anayesema. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na rangi na utumwa uliokuwa bado kwenye kumbukumbu za watu walio hai, kulikuwa na polisi kutoka bara walioachishwa kazi, kulikuwa na mwanasiasa Abdulrahman Babu na chama chake cha Umma kilichotoka ubavuni mwa Hizbu mwaka uleule. Ninachoweza kusema kwa tarakimu ni kwamba serikali ile iliingia kwenye uhuru ikiwa na asilimia 45.8 ya kura, na kila mtu mtaani alilijua hilo.

Wala simtetei mkoloni kwa kusema mgao wa visiwa ulikuwa sawa. Yeye ndiye aliyechagua utaratibu wa jimbo moja, mshindi mmoja, kwa nchi ndogo yenye visiwa viwili, vyama vitatu na chuki inayopanda. Wakati ule nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimeshatumia uwiano kwa miongo kadhaa. Mwingereza alituletea kile alichokizoea kwao.

Baada ya mapinduzi hakukuwa na uchaguzi wa vyama vingi kwa zaidi ya miaka 30. Baraza la Wawakilishi lilianza 1980 chini ya chama kimoja. Uliporudi ushindani, Oktoba 1995, katiba ilikuwa nyengine na vyama vilikuwa vyengine, lakini mashine ilikuwa ileile. Viti vya majimbo vilikuwa 50: Unguja 29, Pemba 21. CCM ilipata 26, CUF 24. Kura za urais zilikuwa Salmin Amour 165,271, Seif Sharif Hamad 163,706, tofauti ya 1,565, na CUF iliyakataa matokeo hayo.

Tazama viti vile 26 kwa 24. Ukivilinganisha na kura za urais, kwa jumla vimekaa karibu na ukweli wa nchi iliyogawika katikati. Mtu wa takwimu anayeangalia jumla peke yake angeridhika. Mimi siridhiki, kwa sababu CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na CCM ikachukua 26 kati ya 29 vya Unguja. Makosa mawili makubwa yamekutana yakafutana katika jumla. Mwana-CCM wa Wete au Mkoani hakuwa na mwakilishi hata mmoja kisiwani kwake. Mwana-CUF wa Unguja, nje ya viti vitatu, naye hakuwa naye. Na wote hao walikuwepo, walisimama foleni.

Mwaka 2010 yakawa hivyohivyo. Majimbo ya Pemba yalikuwa yameshapunguzwa kutoka 21 hadi 18, na ya Unguja yakawa 32. CUF ilichukua yote 18 na manne ya Unguja, CCM ikachukua 28. Jumla 28 kwa 22, katika mwaka ambao Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 za urais na Maalim Seif 176,338, yaani tofauti isiyofika asilimia moja ya kura. (Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na Tume, na CUF haikushiriki marudio ya Machi 2016, kwa hiyo siutumii mwaka huo katika ulinganishi wa aina hii.)

Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilikuwa imeshatuletea Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambayo naiona kuwa hatua kubwa kuliko zote tulizopiga tangu vyama vingi virudi. Ila ilitibu Baraza la Mapinduzi, yaani nani akae serikalini. Baraza la Wawakilishi haikuligusa. Jimbo likabaki jimbo moja, mshindi mmoja, na ramani ikaendelea kupakwa rangi mbili: kisiwa hiki hivi, kisiwa kile vile. Watoto wetu wanaitazama ramani hiyo wanadhani inawaonesha watu. Inawaonesha washindi tu.

Kuna nchi iliyowahi kuikarabati mashine yake, nayo ni ndogo na maskini kuliko wengi tunaopenda kuwaiga. Lesotho, mwaka 1998, chama cha LCD kilipata takriban asilimia 61 ya kura na viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP kilichopata karibu robo ya kura kikaambulia kiti kimoja. Maandamano yakawaka, majeshi ya SADC yakaingia, sehemu kubwa ya maduka ya Maseru ikaungua. Basotho wakakaa chini. Waliyaacha majimbo yao 80 kama yalivyo, kwa sababu watu wanapenda kuwa na mbunge wanayemjua kwa sura, wakaongeza viti 40 vya kusawazisha. Viti hivyo hugawiwa vyama ambavyo kura zao zimelala majimboni, mpaka viti vyote 120 vikaribie uwiano wa kura. Uchaguzi wa kwanza kwa utaratibu huo ulifanyika 2002. Lesotho haijawa pepo, serikali zake za mseto zimeanguka mara kadhaa. Lakini robo ya nchi haijapotea tena barazani namna ile.

Nimejaribu kuupeleka utaratibu wa Lesotho Zanzibar ya 1963, kwa karatasi tu. Acha majimbo 31 na washindi wake walewale, ongeza viti 15 vya kusawazisha, uwe na baraza la watu 46. Asilimia 54.2 ya 46 ni 24.9, kwa hiyo ASP inastahili 25 na inaongezewa 12. Hizbu inastahili 13.7, yaani 14, inaongezewa 2. ZPPP inastahili 7.3, yaani 7, inaongezewa 1. Jumla ni 15 kamili. Hakuna aliyenyang'anywa kiti chake, hakuna mpaka wa jimbo uliosogezwa. Na viti vile vya ziada, kwa kuwa ni kura za Pemba zilizokuwa zimelala, vyengi vyao vingeweza kukaliwa na Wapemba wa ASP.

Babu alifariki kabla sijaipiga hesabu hii. Alikuwa na tabia, kila mazungumzo ya siasa yanapoanza barazani, ya kusogea pembeni na kuendelea kuchambua karafuu zake, na mtoto mimi nilidhani hayamhusu. Sasa nadhani ilikuwa ni adabu ya mtu ambaye amezoea kuhesabiwa katika upande ambao si wake. Kati ya kura 87,085, moja ilikuwa yake, iliyotumbukizwa kwenye sanduku la Pemba.